Fundo la Wavu kwenye Bawa la Ndege

Sote tulimwita Fundi Nyavu, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Jina alilobatizwa nalo limo kwenye daftari la kanisa. Anayelitaka aende akaliangalie. Kwa baba yake na babu yake siendi, maana hakuwahi kunipeleka huko. Ninachokijua ni kwamba tulikaa jirani miaka kumi na kitu pale Nchelenge, kibanda chake kimegusana na changu, yeye akisuka na kuziba nyavu, mimi nikishona nguo kwa cherehani ya mkono. Mimi nilitoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Yeye nyumbani kwake alizungumza Kibemba. Basi tukakutana katikati, kwenye Kiswahili cha sokoni, kile cha Katanga kisichoona haya kuokota neno popote.

Mimi si mtu wa kusifu watu ovyo. Waulize wateja wangu. Lakini huyu nitamsifu hata nikiambiwa ninyamaze.

Alikuwa mfupi, mabega mapana, na kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa kimekauka kama kwato kwa kukaza mafundo. Kofia yake ya ukindu hakuivua hata kivulini, isipokuwa kanisani. Asubuhi akifika alisalimia watu mmoja mmoja, kisha akaisalimia na kazi yenyewe. Jamani, sitanii. Alisimama mbele ya wavu uliochanika, akasema, "Mwashibukeni mukwai," ile salamu ya asubuhi ambayo Wabemba humpa mtu mzima wa heshima, ndipo akaketi. Siku za kwanza nilicheka mpaka nikashika mbavu.

"Cheka tu, mama," akaniambia. "Weye mashini yako hauisalimie. Njo maana inakukatia uzi kila siku."

Na kweli ilikuwa inanikatia uzi kila siku. Nikaanza kuisalimia, kwa siri.

Neno lake kubwa lilikuwa moja: "Nani anakufukuza?" Alimwambia hivyo yeyote mwenye haraka, awe mvuvi, karani au mchungaji. Siku moja alikuja mvuvi wa kisiwa cha Chisenga, mtumbwi wake unamsubiri ufukweni, wenzake wanapiga miluzi. Akamsimamia Fundi kichwani, anahema, anaangalia ziwa, anaangalia wavu. Fundi akainua macho. "Nani anakufukuza, mukwai?" Yule bwana akasema hakuna, ila upepo. Fundi akafungua mafundo matatu ya mwisho aliyokuwa ameshayakaza, akaanza upya, polepole zaidi. Yule mvuvi aliondoka anatukana kwa lugha tatu. Wiki iliyofuata alirudi na samaki wawili wakubwa kama shukrani, na shida ikawa hapo, kwa sababu Fundi Nyavu hakula samaki.

Naam, hakula. Mtu aliyesuka nyavu kuanzia Nchelenge mpaka Chienge, watoto wa watu wameshiba kwa mikono yake, yeye alikula maharage na kisamvu. Nilipomuuliza sababu alinijibu bila kucheka: "Nimeua mingi sana, mama. Samaki bananijua." Samaki wote waliokuja kama asante waliishia jikoni kwangu. Miaka ile nilinenepa, sina la kuficha.

Wala ziwa lenyewe hakulipenda. Tulivuka pamoja mara moja kwenda Chisenga kupima nyavu za kambi, na tangu tulipoacha nchi kavu mpaka tulipoikanyaga tena alikuwa amefumba macho, mikono yote miwili imeng'ang'ania ubao, anaimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya mtu anayepelekwa kunyongwa. Wapiga kasia walikufa kwa kicheko. Alipofika pwani alijipangusa suruali, akavaa uso wake wa ukali, akaanza kuwakagua wale wale waliokuwa wakimcheka, na hakuna aliyethubutu tena kuonyesha jino. Ukali wake ulikuwa wa namna hiyo. Mfanyabiashara mmoja alimletea oda ya wavu wa macho madogo sana, wa kukomba hata vitoto vya samaki. Fundi akachukua kile kibao chake cha kupimia macho ya wavu, akakigonga mezani. "Mukono yangu inaishia hapa," akasema. "Mwingine mudogo kuliko huu, utafute mukono ya mutu mwingine." Alikuwa mzee wa kanisa na alikuwa mgomvi, na mambo hayo mawili hayakumsumbua kukaa ndani ya mtu mmoja.

Sasa nije kwenye ndege, maana najua ndiyo mnayoisubiri.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini alikuwapo pale kwetu muzungu mmoja mzee, mstaafu wa serikali, aliyekataa kurudi kwao. Alichukua ghala la zamani la samaki, la matofali na bati, karibu na ufuko, akasema litakuwa nyumba ya makumbusho. Akajaza humo ngoma, mitego ya kale, shoka, mizani mibovu. Harufu ya samaki haikutoka hata kidogo. Sisi tulimwita Bwana wa Makumbusho, na tulimwona mtu mwema aliyepungukiwa na kazi. Kisha siku moja likaingia lori kutoka kusini, limejaa vumbi, na juu yake kuna ndege iliyofunguliwa vipande vipande.

Ilikuwa ndege ya jeshi, ya wakati wa vita, ya kufundishia askari kuruka. Viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, mwanafunzi na mwalimu. Mabawa yake manne, mawili juu na mawili chini, mifupa ya mbao imevikwa kitambaa. Hicho kitambaa sasa kilikuwa matambara. Panya walikuwa wamezaa ndani. Nyumba kubwa ya makumbusho ya mjini ndiyo iliyoituma, kwa sharti lililojulikana soko zima ndani ya siku moja: kabla mvua hazijaanza atakuja mkaguzi. Akikuta imetengenezwa sawasawa, inabaki Nchelenge. Akikuta imeharibiwa, lori linairudisha, na huko inavunjwa vyuma.

Bwana alikuwa na kitabu cha mafundi wa ndege, chenye michoro. Mbao aliziweza, alikuwa na seremala. Kitambaa kilimshinda. Si kukivisha, hapana, kukifunga. Maana kitambaa cha bawa hushonwa kwenye kila ubavu wa mbao, juu mpaka chini, kwa uzi uliopakwa nta, na kila mshono una fundo lake. Siku mbili nzima Bwana alikaa na kile kitabu na kipande cha kamba, anafunga, linafunguka, anafunga, linafunguka. Siku ya tatu alikuja kwangu kwa sababu mimi ni mshonaji. Nikautazama mchoro ule nikaona minyoo tu. Fundi Nyavu akanyoosha shingo kutoka kibanda cha pili.

"Lete nione."

Akaangalia kidogo, akaligeuza lile buku juu chini, akaangua kicheko. Alicheka mpaka kofia ikaanguka.

"Bwana, hii ni fundo ya wavu! Ile ile. Wamezidisha tu kizunguko kimoja." Akachukua kamba mkononi mwa muzungu, gumba likapita, likarudi, likakaza. Bwana akavuta. Fundo halikutikisika. Akavuta kwa miguu miwili imekanyaga meza yangu, na bado halikutikisika. Nilimwona yule mzee wa kizungu macho yamemlowa.

Laiti mambo yangeishia hapo. Lakini soko lina midomo. Wakaanza: mtu wa samaki atashona ndege? Ataikaanga? Fundi akasimama katikati ya njia, mchana kweupe, akainua ile sindano yake ya mti ya kusukia nyavu ili kila mtu aione.

"Musikilize bote! Lori ikichukua hii ndeke, miye navunja sindano yangu hapa hapa, na hakuna mutu wa Nchelenge ataniona tena nafunga fundo. Kabisa!"

Nilimjua, mtu yule hakuwa na maneno ya kutupa. Nilimvuta ndani nikamwambia, kwa neno lao la kumwita baba, "Tata, umefanya nini? Mikono yako ndiyo shamba lako." Akanijibu kwamba kama mikono hiyo haiwezi kushona kitambaa juu ya ubao, basi imekuwa ikidanganya watu miaka yote. Kisha, kana kwamba ni jambo dogo, akasema anahitaji mtu wa upande wa pili, na mtu huyo ni mimi, lile fundo atanifundisha.

Kwa nini upande wa pili? Bawa husimamishwa wima juu ya magogo, kama ukuta. Sindano ni ndefu kama mkono. Mmoja huichoma kutoka huku, mwingine huipokea kule, huizungusha kwenye ubavu, hukaza fundo lake na kuirudisha. Hamwonani. Kati yenu kuna vitambaa viwili na upepo. Basi kiangazi chote tulifanya kazi hivyo, asubuhi mpaka saa ya kwenda kupika, nami nikamjua mtu yule kwa sauti kuliko nilivyomjua kwa sura.

Kwanza alimuuliza Bwana swali moja kabla hajagusa kitu: "Ile ndeke iliua batu?" Bwana akamweleza kwa Kibemba chake cha kuchechemea kwamba hapana, hii haikubeba bunduki, kazi yake ilikuwa kufundisha tu. Fundi akaridhika. "Basi ni mwalimu." Tangu siku hiyo kila asubuhi alisimama mbele yake, akaishika kofia, "Mwashibukeni mukwai, mwalimu," na mimi nyuma yake nikasema vilevile, kwa sauti safari hii.

Nyuma ya kile kitambaa aliniambia mambo ambayo uso kwa uso asingeyasema. Kwamba aliwahi kumpenda mwanamke akachelewa kusema. Kwamba kanisani hulala usingizi wakati wa mahubiri marefu na ndiyo maana hukaa nyuma ya nguzo. Kwamba anaogopa macho yake, yameanza kuona mvuke. Nikarudisha sindano. Nikikosea nafasi, hata upana wa punje ya mahindi, alijua bila kuona. "Mama, fungua." Nafungua. "Fungua tena." Siku moja nilikasirika nikamwambia hii ndege haitaruka, itakaa kwenye ghala la samaki, nani atahesabu? Kutoka upande wa pili akasema, "Miye nitahesabu," na sindano ikapita ikanichoma kidole. Sijui kama kwa makusudi. Nadhani kwa makusudi.

Kosa letu kubwa lilikuja mwishoni. Kitambaa kikishashonwa hupakwa dawa ya kukikaza, ile ya madebe, ya rangi ya fedha, yenye harufu ya kulevya. Mabawa matatu yalipata. La nne, la chini kushoto, madebe yakaisha, na mapya yalikuwa yamevuja njiani. Bwana akaenda mji wa Fort Rosebery kutafuta mengine. Siku zikapita, mawingu yakaanza kukusanyika, Bwana hajarudi. Fundi akaamua. Kitambaa kinachotaka kukazwa kinatiwa nini? Wanga! Wanga wa muhogo, kama shuka za misheni. Mimi mwenyewe nilipika sufuria nne, nakubali kosa langu. Tukalipaka bawa, tukalitoa juani, na wallahi lilikazika likalia kama ngoma. Tulipeana mikono. Tukaenda kula.

Tuliporudi tulikuta mbuzi sita wanalilamba.

Sitasahau mbio za Fundi Nyavu siku ile, yeye ambaye hakuna aliyekuwa akimfukuza. Mbuzi hawakutoboa kitu, Mungu ni mwema, lakini walikuwa wamelamba kipande cha kutosha. Tukapaka upya. Wakarudi. Habari ya muhogo ilikuwa imeshawafikia mbuzi wa mji mzima. Ndipo Fundi akafanya alichofanya maisha yake yote kwa nyavu za pamba zisioze: alichemsha magome ya mti kwenye pipa, maji yakawa mekundu na machungu, akalipaka bawa lote mara tatu juu ya wanga. Mbuzi wa kwanza alionja, akapiga chafya, akaenda zake. Bawa likabaki na rangi ya chai ya rangi. Mabawa matatu ya fedha, moja la chai.

Bwana aliporudi, debe moja mkononi, alikaa chini mlangoni akashika kichwa. Alisema dawa haishiki juu ya magome, na kulivua bawa na kulishona upya hakuna muda. Nyuma yake, kwenye gari lile lile, alikuwa ameshuka mkaguzi.

Alikuwa mzee mwembamba, anachechemea. Baadaye tuliambiwa kwamba wakati wa vita yeye mwenyewe alikuwa anakaa kiti cha mwalimu kwenye ndege za aina hii hii. Hakuzungumza na mtu. Alizunguka. Soko zima lilikuwa limejaa nje. Fundi alisimama karibu na mlango, sindano yake ya mti mkononi, tayari, na mimi nilikuwa naomba moyoni maneno yasiyo na mpangilio. Mkaguzi akapapasa bawa la kwanza, la pili, la tatu. Alipofika la nne alisimama muda mrefu. Akainama akalinusa. Akalamba kidole. Akauliza kitu kwa Kiingereza, Bwana akamgeukia Fundi: "Anauliza, ni muhogo?"

Fundi akajibu kwa sauti ya kanisani: "Ni muhogo. Na magome, sababu ya mbuzi."

Mkaguzi alicheka ghafla. Akamweleza Bwana kwamba mafundi wa kwanza kabisa wa ndege, kabla hajazaliwa mwenye kutengeneza dawa ya madebe, walikaza mabawa yao kwa wanga vilevile. Kisha uso ukarudi kuwa mgumu. Akasema anataka kuona ndani, mafundo yenyewe, na hilo haliwezekani bila kuchana. Bwana akaanza kubisha. Fundi akatoa kisu chake mfukoni, akakifungua, akampa mkaguzi kwa mpini.

"Kata," akasema. "Kata pale unapenda."

Alikata pale pale kwenye bawa la chai, urefu wa mkono. Akaingiza vidole, akafumba macho, akawa anahesabu kwa midomo. Fundo, nafasi. Fundo, nafasi. Alitoa kipimo chake cha chuma akapima. Akapima tena mbavu nyingine. Hatimaye akafungua macho, akaenda mpaka mlangoni, akavua kofia yake mbele ya Fundi Nyavu, akampa mkono. Inabaki, Bwana akatafsiri. Inabaki, na bawa lile lisipakwe rangi, libaki hivyo hivyo.

Mngesikia vigelegele! Nililia hadharani kama mtoto, na sioni haya. Mtu wetu, wa kibanda chetu, kavuliwa kofia.

Lakini kuna kitu kilimkaa Fundi kooni. Mkaguzi alipokuwa anaandika kwenye daftari lake, Fundi alininyooshea kidole: "Na huyu mama. Nusu ya mafundo ni yake." Bwana alikuwa anapiga makofi, hakutafsiri. Mkaguzi akaandika mtu mmoja, akafunga daftari. Mimi niliona si neno. Yeye miaka mingi alikuwa akilirudia katikati ya kazi, bila kuulizwa: "Aliandika nusu." Na akamsusia Bwana salamu mwezi mzima, mzee wa kanisa yule.

Mara ya mwisho kukaa naye kwa maongezi marefu ilikuwa mwishoni mwa miaka ile ya hamsini. Mvuke wa macho ulikuwa umeshafunga. Alikaa kwenye mkeka nyumbani kwake, kofia kichwani, anachambua maharage kwa kupapasa. Nilikuwa nimemletea barua. Ilitoka kwenye ile nyumba kubwa ya mjini, Bwana akanitafsiria pembeni, nami nikamsomea Fundi polepole. Walisema wamepata ndege ya pili ya namna ile, mabawa matupu. Walisema mafundi wao wameshindwa kufunga fundo likatulia. Wanamwomba fundi wa Nchelenge aje, nauli na malazi ni juu yao.

Akaacha kuchambua. Aliniomba niirudie sehemu ya kushindwa, nikairudia, akatabasamu kwa raha zote.

"Baandikie," akasema. "Andika: Ninakuja."

Nilimtazama yale macho meupe. Kisha nikasema kwa upole, "Tata, safari ni ndefu. Na sindano huioni."

"Mama, weye huwa unasikia nusu tu. Sikusema nitakuja miye. Anaandika nani?"

"Mimi."

"Basi. Andika: Ninakuja. Chini yake weka jina yako. Yote, na ya baba yako, basikose tena." Akanyoosha mkono, akautafuta wangu, akakipapasa kidole changu gumba, pale palipokauka kwa mafundo kama chake, akabonyeza kwa nguvu kama anayejaribu fundo. "Fundi wa Nchelenge bameita. Enda."

Nikaweka karatasi juu ya goti nikaandika. Nilipomaliza aliniamuru nilisome lile jina kwa sauti, na majirani wote wasikie.